Maswali na Majibu: Nafasi 40 za Majira ya Baridi

Msimu wa Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani (MLB) ukishafungwa, barua zenu hubadilika sura. Mechi zikiendelea mnauliza nani kapiga na nani kakosa. Zikiisha mnauliza kwa nini fulani kaachwa, na kwa nini kijana fulani bado anasota ligi ndogo. Tarakimu za mishahara na kanuni tunazotaja hapa ni za mkataba wa pamoja wa wamiliki na chama cha wachezaji uliofikiwa Machi 2022, ambao muda wake unaisha tarehe 1 Desemba 2026.

SWALI: Ndugu wahariri, timu ninayoishabikia ilimaliza msimu ikilia njaa ya wapigaji. Cha ajabu, Novemba ikamwacha mpigaji wa kutegemewa na kuwaingiza kwenye orodha warushaji wawili wa miaka 22 ambao hawajagusa hata Triple-A, ngazi ya juu ya ligi ndogo. Huu ni usajili gani?

JIBU: Ni usajili wa kulinda mali, na Novemba ndiyo mwezi wake. Kila klabu ina orodha mbili. Ya kwanza ni ya wachezaji 26 walio tayari kwa mechi (28 mwezi Septemba), na kati ya hao 26 warushaji hawaruhusiwi kuzidi 13. Ya pili, ambayo mashabiki wengi huipuuza, ni ya wachezaji 40: hao 26 pamoja na wengine wanaosubiri ligi ndogo. Majira ya baridi vita vyote ni vya orodha hii ya pili.

World Series, yaani fainali ya msimu, ikiisha, wenye miaka sita ya utumishi Ligi Kuu ambao mikataba yao imekwisha huondoka na kuacha nafasi wazi. Shabiki huzihesabu na kufurahi. Anachosahau ni majeruhi. Mchezaji aliyewekwa kwenye orodha ya majeruhi ya siku 60 hahesabiwi katika 40 wakati wa msimu, lakini siku chache baada ya fainali orodha hiyo hufungwa, na kila aliyekuwamo lazima arudishiwe nafasi yake. Klabu iliyodhani ina nafasi nane inaweza kujikuta na tatu.

Halafu inakuja Kanuni ya 5. Kijana aliyesaini akiwa na miaka 18 au chini ana misimu mitano ya kukuzwa. Aliyesaini akiwa na 19 au zaidi ana minne. Muda huo ukipita naye hajaingizwa kwenye 40, klabu nyingine yoyote yenye nafasi inaweza kumchukua mwezi Desemba kwa dola 100,000. Sharti ni kwamba akae kwenye orodha ya 26 msimu mzima. Klabu iliyomchukua ikishindwa kumbakiza, lazima impitishe kwenye weiva, yaani imtangaze ili klabu nyingine zipate nafasi ya kumdai, na asipodaiwa irudi kumwuza kwa klabu yake ya awali kwa dola 50,000. Mwisho wa kuwalinda vijana hawa ni Novemba, na hapo ndipo warushaji wako wawili walipoingia.

Swali linaloulizwa siku hiyo ni nani atachukuliwa, na akichukuliwa ataweza kufichwa kwenye benchi la wengine mwaka mzima? Shotistopu (mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu) wa miaka 20 aliyeishia Single-A, ngazi ya chini ya ligi ndogo, hafichiki, kwa sababu kila siku asiyocheza anarudi nyuma, na siku akicheza anaigharimu timu. Mrushaji mwenye mpira wa kasi wa kilomita 157 kwa saa anafichika kirahisi: anapewa inningi (kipindi cha mchezo) moja moja mechi ikiwa imeshapotea. Houston walimwacha Johan Santana bila ulinzi mwaka 1999, Marlins wakamchukua na kumpeleka Minnesota. Mwaka 2000 aliruhusu wastani wa mikimbio 6.49 kwa kila inningi tisa. Minnesota wakamvumilia, naye akatwaa tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa ligi, mwaka 2004 na 2006. Pittsburgh walimpata Roberto Clemente kutoka Brooklyn kwa mlango huo huo mwaka 1954.

Na mpigaji wako? Siku chache baada ya kuwalinda vijana hufika siku ya mwisho ya kuwapa mikataba wachezaji ambao hawajafikisha miaka sita ya utumishi. Aliyetimiza miaka mitatu huingia kwenye usuluhishi wa mishahara (mtu wa tatu huamua malipo pande zikishindwa kuelewana), na huko malipo hupanda karibu kila mwaka. Akikadiriwa kulipwa dola milioni 5, na ligi ndogo kuna kijana anayeweza kufanya asilimia 80 ya kazi hiyo kwa kima cha chini (dola 780,000 mwaka 2026), klabu nyingi humwacha aende zake. Sisi tusingefanya hivyo kwa timu yenye njaa ya wapigaji. Hiyo asilimia 20 iliyobaki ndiyo huonekana Septemba. Kuwalinda warushaji wawili ni sawa kabisa; aliyepaswa kuondoka ni mrushaji wa akiba wa mwisho kwenye orodha, maana watu wa aina yake hupita kwenye weiva mwaka mzima.

SWALI: Mrushaji wetu kijana amepandishwa na kushushwa mara nne tangu Aprili. Hawamvunji moyo? Na kwa nini asishushwe yule mwingine anayerusha vibaya kuliko yeye?

JIBU: Huyo mwingine hana opsheni. Mchezaji akishaingia kwenye 40, klabu ina misimu mitatu ya kumshusha ligi ndogo bila kumtangaza kwa wengine. Kila msimu ambao anakaa chini jumla ya siku 20 au zaidi unakula opsheni moja. Zikiwa chini ya 20 haihesabiwi. Zikiisha zote tatu, kumshusha kunamaanisha kumpitisha kwenye weiva, na huenda asirudi.

Tangu 2022 kuna ukomo wa kushushwa mara tano kwa msimu mmoja. Mrushaji akishushwa anatakiwa kukaa chini angalau siku 15, na mchezaji mwingine siku 10, isipokuwa anapoitwa kuziba pengo la majeruhi. Kwa hiyo kijana wako amebakiza safari moja.

Kuhusu moyo, kinachomuumiza zaidi ni ratiba. Anarusha inningi mbili, anashushwa, anakaa siku nne bila kupanda kwenye kilima cha kurushia, kisha anaitwa tena usiku wa manane kuziba pengo la majeruhi. Mkono uliozoea kuanza mechi kila siku ya sita unageuzwa kuwa wa dharura. Klabu makini humwambia mapema kwamba mwaka huu yeye ni mwanzishaji wa Triple-A, na safari za juu hupewa mrushaji mwingine wa miaka 27 mwenye opsheni iliyobaki, ambaye hajengwi tena. Klabu isiyopanga hivyo huvuna mkono uliochoka mwezi Agosti.

Angalieni jambo hili mnapotazama kambi ya maandalizi: tafuteni majina ya wasio na opsheni. Mwishoni mwa Machi, wawili wakiwa sawa, nafasi ya 26 huenda kwa asiye na opsheni, hata kama mwenzake amerusha vizuri zaidi kwa wiki tatu.

SWALI: Kijana wetu alipiga vizuri kambini kuliko wote, akaambiwa arudi ligi ndogo "akarekebishe ulinzi". Wiki mbili baadaye akaitwa. Ulinzi hurekebishwa kwa wiki mbili?

JIBU: Haurekebishwi. Kilichorekebishwa ni kalenda.

Msimu una takriban siku 187, na mwaka kamili wa utumishi ni siku 172. Ukimweka kijana chini siku 16 za mwanzo, anamaliza na 171, na mwaka huo hautimii. Anahitaji miaka sita kamili ili awe mchezaji huru, kwa hiyo klabu inakuwa naye misimu saba badala ya sita. Kris Bryant alianza na Cubs tarehe 17 Aprili 2015, akamaliza na siku 171, akachaguliwa chipukizi bora wa ligi yake, na mwaka uliofuata akawa mchezaji bora wa ligi (MVP). Alipeleka malalamiko rasmi na akashindwa mwanzoni mwa 2020. Uhuru wake ukaja baada ya msimu wa 2021.

Mkataba wa 2022 uliweka mambo mawili ya kupunguza mchezo huu. Kwanza, chipukizi anayemaliza wa kwanza au wa pili katika kura za Chipukizi Bora wa ligi yake hupewa mwaka kamili hata kama siku hazikutosha, akiwa alikuwa miongoni mwa vijana waliotajwa sana kabla ya msimu. Paul Skenes wa Pittsburgh aliitwa tarehe 11 Mei 2024, akashinda tuzo hiyo na kupata mwaka wake. Hapo klabu ilikosa siku za mwanzo za kijana wake na faida ya kumchelewesha pia. Pili, klabu inayompa kijana kama huyo msimu mzima tangu mwanzo inaweza kulipwa nafasi ya ziada ya drafti (uteuzi wa wachezaji wapya) baada ya raundi ya kwanza, endapo atashinda tuzo ya chipukizi bora au atamaliza ndani ya watatu bora wa MVP au Cy Young kabla ya kufika kwenye usuluhishi. Seattle waliipata kupitia Julio Rodríguez, Arizona kupitia Corbin Carroll, Baltimore kupitia Gunnar Henderson.

Kama kijana wako yuko kwenye orodha za vijana 100 bora na yuko tayari, kumchelewesha siku hizi ni hesabu mbaya. Kama hayuko kwenye orodha hizo, motisha ya zamani bado ipo, na mtaendelea kusikia habari za ulinzi.

SWALI: Nani anahesabiwa chipukizi?

JIBU: Asiyezidi zamu 130 rasmi za kupiga au inningi 50 za kurusha katika misimu iliyotangulia, na asiyezidi siku 45 kwenye orodha ya kucheza ya Ligi Kuu.

SWALI: Wahariri, mpigaji wetu wa miaka 21 ana wastani wa kupiga wa .190 baada ya mechi 30. Kwenye kijiwe chetu nusu wanataka ashushwe, nusu wanasema aachwe ajifunze. Mtupatanishe.

JIBU: Wastani wa kupiga ni kipimo cha mwisho kuangalia, maana katika zamu 100 bahati ina sauti kubwa kuliko ustadi. Mipira mitano iliyodakwa ikianguka chini, .190 inakuwa .240 na ubishi wenu unakwisha. Kuna vipimo vinavyotulia mapema zaidi. Kiwango cha straikauti (kutolewa kwa straiki tatu) huanza kusema kweli baada ya zamu 60 hivi. Kiwango cha kupata besi kwa mipira minne mibaya huchukua kama 120.

Tazameni kwanza mipira iliyo nje ya eneo la straiki (eneo halali la kurushia): anaifukuza mara ngapi? Wastani wa ligi ni karibu asilimia 28. Kijana aliye kwenye 25 anaona vizuri, mwacheni. Akiwa kwenye 38, warushaji wameshagundua kwamba hawana haja ya kumpa mpira mzuri, na kila mechi inamfundisha tabia mbaya zaidi. Kisha tazameni anapopata mpira wa ndani ya eneo: anaugusa? Akiukosa mpira wa kasi ulio katikati, hilo ni tatizo la muda wa mwili au la macho, na Ligi Kuu si mahali pa kulitibu. Mwisho, nguvu ya mpira unapotoka kwenye gongo. Mpira wenye kasi ya kilomita 153 kwa saa au zaidi huhesabiwa kuwa umepigwa kwa nguvu. Mwenye mingi ya aina hiyo na wastani mbovu kwa kawaida atapanda bila mtu kumgusa.

Mike Trout alipiga .220 katika mechi 40 za mwaka 2011. Aaron Judge mwaka 2016 alipiga .179 na kupata straikauti 42 katika zamu 84 rasmi, nusu kamili. Klabu yake ilitumia majira ya baridi yaliyofuata kujenga upya muda wake wa kupiga, na 2017 akapiga homrani (mapigo yanayovuka uzio) 52. Kwa upande mwingine yupo Jackson Holliday, chaguo la kwanza kabisa la drafti ya 2022. Baltimore walimwita tarehe 10 Aprili 2024, akapata hiti (pigo linalomfikisha besi) 2 katika zamu 34 rasmi na straikauti 18, wakamshusha baada ya mechi 10 na kumrudisha tarehe 31 Julai. Mechi 10 ni chache mno kwa wastani. Kwa straikauti nyingi kiasi kile zilitosha.

Jambo moja hatulipatanishi: asikae benchi. Kijana wa umri huo anahitaji zamu 500 hadi 600 kwa mwaka, juu au chini. Kucheza mara mbili kwa wiki ili "azoee mazingira" ni kumpotezea mwaka. Na akishushwa, aambiwe kitu kimoja cha kurekebisha na kipimo kitakachomrudisha. Kijana anayeambiwa arekebishe swingi, ulinzi, mbio na mtazamo kwa pamoja hurudi vile vile alivyoondoka.

SWALI: Mwanzishaji wetu bora ameondoka. Tunaweza kumpata mrushaji mwenye jina kwa kutoa vijana wawili. Tutoe?

JIBU: Jibu liko kwenye idadi ya mechi mnazotarajia kushinda. Timu inayokadiriwa kushinda mechi 72 kati ya 162 haisaidiwi na mrushaji wa mwaka mmoja, na ile ya 98 inaweza kusubiri hadi Julai. Iliyo kati ya 84 na 92 ndiyo inayonunua kwa faida, kwa kuwa kila ushindi wa ziada hapo unaweza kuamua kama mtafika mchujo wa baada ya msimu.

Kisha hesabuni miaka na kuiweka kando ya majina. Februari 2024 Baltimore walimchukua Corbin Burnes kutoka Milwaukee kwa Joey Ortiz, DL Hall na nafasi moja ya drafti. Burnes alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu. Alishinda mechi 15, wastani wake wa mikimbio ukawa 2.92, na katika mchujo aliruhusu mkimbio mmoja ndani ya inningi nane lakini timu ikafungwa 1-0. Halafu akasaini Arizona kwa dola milioni 210 za miaka sita. Wengi huuita mpango ulioshindwa. Sisi tunauona sahihi. Baltimore walikuwa na vijana wengi wa eneo la ndani kuliko nafasi za kuwachezesha, Ortiz hakuwa na pa kusimama, na Burnes alipokataa ofa ya mwaka mmoja wakapata nafasi ya drafti kama fidia. Mrushaji alifanya kazi yake. Wapigaji ndio walionyamaza.

Mfano wa kuogopa ni wa Desemba 2015. Arizona walimtoa Dansby Swanson, chaguo la kwanza la drafti ya mwaka ule ule, pamoja na Ender Inciarte na Aaron Blair, wampate Shelby Miller. Mwaka 2016 Miller alishinda 3, akapoteza 12, wastani 6.15, akashushwa hadi Triple-A. Inciarte peke yake alikuwa mchezaji wa kila siku wa uwanja wa nje. Hapo hawakutoa ziada, walitoa sehemu ya timu yao kuziba tundu moja na kufungua jingine.

Toeni kijana aliyezuiwa na mwenzake bora, au mrushaji mwenye mpira wa kasi asiye na aina ya tatu ya mrusho, ambaye huenda akaishia kuwa mrushaji wa akiba. Msitoe mtu wa miaka 17 au 18 kama nyongeza ya kuvutia mpango. Umri huo haupimiki bado, na White Sox walimtoa Fernando Tatis Jr. namna hiyo mwaka 2016, kabla hajacheza hata mechi moja ya kulipwa.

SWALI: Kwa nini klabu inampa dola milioni 80 mtu ambaye hajacheza mechi hata moja ya Ligi Kuu?

JIBU: Tuchukue mchezaji wa kufikirika ambaye sokoni angelipwa dola milioni 20 kwa mwaka. Miaka mitatu ya kwanza analipwa karibu na kima cha chini, jumla kama milioni 2.4. Miaka mitatu ya usuluhishi, kwa makadirio yanayotumika sana ya asilimia 40, 60 na 80 ya thamani ya soko, ni milioni 8, 12 na 16. Sita ya kwanza inafika milioni 38.4. Ongeza miwili ya uhuru kwa milioni 40, na miaka minane ni milioni 78.4. Klabu ikimpa milioni 55 leo, kijana anauza karibu theluthi ya matarajio yake ili apate uhakika, na klabu inanunua miaka miwili ambayo isingekuwa nayo.

Sasa muwe waangalifu na hesabu hiyo: imesimama juu ya zile milioni 20. Milwaukee walimpa Jackson Chourio milioni 82 kwa miaka minane Desemba 2023, akiwa na miaka 19. Maana yake walimwona ni wa bei ya juu zaidi ya huyo wa kufikirika. Ozzie Albies alisaini Atlanta mwaka 2019 kwa milioni 35 za miaka saba, na klabu ikapata haki ya miaka miwili zaidi kwa milioni 7 kila mmoja. Upande wa hasara yupo Scott Kingery, aliyepewa na Philadelphia milioni 24 za miaka sita mwaka 2018 kabla hajaanza. 2021 akatolewa kwenye orodha ya 40.

Kwa maoni yetu klabu inapaswa kufanya hivi kwa wapigaji wenye macho mazuri na wanaocheza katikati ya uwanja, kwa sababu hata wakipiga kidogo ulinzi wao unabaki na thamani. Kwa mrushaji kijana tungesubiri. Kiwiko hakisomi mkataba. Na kwa kijana mwenyewe aliyetoka familia isiyo na kitu, hatuwezi kumlaumu kwa kuchukua milioni 35 leo. Kinachostahili kulaumiwa ni miaka ya ziada kwa hiari ya klabu peke yake: hapo ndipo bei hupotea, na wakala anapaswa kuipigania kuliko kiasi cha mwaka wa kwanza.

SWALI: Mchezaji akibadilishwa nafasi akiwa na miaka 20 au zaidi, si dalili kwamba ameshindwa?

JIBU: Mara nyingi ni dalili kwamba gongo lake au mkono wake ni mzuri mno kusubiri. Mookie Betts alikuwa wa besi ya pili. Boston walikuwa na Dustin Pedroia hapo, wakamhamishia uwanja wa nje mwaka 2014. Kenley Jansen alikuwa mdakaji asiyepiga, akageuzwa mrushaji mwaka 2009 na Julai 2010 akawa Ligi Kuu. Jacob deGrom alikuwa shotistopu chuoni. Mabadiliko yafanyike mwanzoni mwa majira ya baridi, kijana akipata miezi mitatu ya mazoezi kabla ya kambi. Yakifanywa katikati ya msimu, mpigaji hubeba makosa ya ulinzi hadi kwenye zamu yake ya kupiga.

SWALI: Ninafundisha warushaji wa miaka 15 na 16. Msimu umekwisha, wazazi wanataka waendelee kurusha ili wasipoteze kasi. Nipeni mpango.

JIBU: Mwalimu, mwambie mzazi kwamba kasi haipotei kwa kupumzika. Inapotea kwa kiwiko kilichochanika. Mwongozo wa MLB na USA Baseball kwa umri huu unataka angalau miezi minne kwa mwaka bila kurusha kwa mashindano, na kati ya hiyo miwili hadi mitatu mfululizo bila kurusha chochote kwa mkono wa juu. Bila kurusha ni pamoja na kutocheza kama mdakaji. Miezi hiyo jenga miguu, mapaja, mgongo na misuli inayoshika bega kwa kamba za mpira, mara tatu kwa wiki. Mchezo mwingine unafaa, mradi hauhusu kurusha juu ya bega.

Kurudi ni kwa hatua, mara tatu kwa wiki na siku moja ya kupumzika katikati. Anza mita 14: mirusho 25, pumziko la dakika 5 hadi 10, mirusho 25 tena. Siku mbili za namna hiyo bila maumivu ndipo asogee mita 18, halafu 27, halafu 36. Mirusho iwe na upinde mwanzoni. Kunyoosha mpira kwa nguvu kuje mwishoni mwa kila umbali. Hesabu wiki nne hadi sita. Hapo ndipo apande kwenye kilima: mirusho 15 ya mpira wa kasi kwa nusu ya nguvu, mara mbili kwa wiki, ukiongeza mitano hadi kumi kila mara. Chenjiapu, mrusho wa polepole unaofanana na wa kasi, iingie kabla ya mpira wa kupinda. Mpira wa kupinda usubiri hadi arushe mirusho 30 kwa karibu nguvu zote na kuamka kesho yake bila maumivu.

Ugumu wa misuli unaoisha baada ya kupasha joto mwili: rudia hatua ile ile. Usioisha: rudi hatua moja nyuma baada ya siku mbili. Maumivu ndani ya kiwiko au juu ya bega: simamisha kila kitu, apelekwe kwa daktari. Katika umri huu sehemu za mifupa zinazokua bado ni laini, na mfupa unaweza kuumia kabla ya ukano. Ukano wa ndani wa kiwiko ukikatika, upasuaji wa Tommy John, uliofanywa mara ya kwanza na Dk. Frank Jobe mwaka 1974, humweka mrushaji nje miezi 12 hadi 18.

Msimu ukianza, hesabu mirusho na sio inningi. Ukomo ni 95 kwa siku. Hadi 30 hahitaji siku ya mapumziko. 31 hadi 45 siku moja. 46 hadi 60 siku mbili. 61 hadi 75 siku tatu. 76 na kuendelea siku nne. Kwa mwaka mzima asizidi inningi 100, ukijumlisha timu zake zote. Hapo ndipo mipango mingi huvunjika: kijana anarusha 80 Jumamosi kwa timu ya shule, na Jumatatu kocha wa timu nyingine, asiyejua lolote, anampa mpira. Mpe daftari dogo la kuandika tarehe, timu na idadi, na mzazi awe ndiye anayemwonyesha kocha wa pili kabla ya mechi.